Pattaya: ndoa zinafungwa, baa nazo zinafungwa

Tarehe 23 Januari 2025 Thailand ilianza kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo katika Asia ya Kusini-Mashariki na ya tatu katika Asia nzima, baada ya Taiwan na Nepal. Wachumba walijipanga kwenye ofisi za wilaya, na watu waliokuwa wakiishi pamoja kwa miongo wakatoka na cheti mkononi. Huko Pattaya, mji wa pwani ulio mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kusini-mashariki ya Bangkok, cheti hicho kimefika wakati mitaa iliyoupa mji huo jina miongoni mwa mashoga duniani imekwisha kupwaya. Sunee Plaza, uliokuwa uwanja mzima wa baa, hauna tena cha kumvuta mgeni wa aina hiyo, na Boyztown, ule uchochoro wa Pattayaland Soi 3 uliokuwa ukiwaka hadi usiku wa manane, umebakiwa na baa chache.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea kusikia habari za mashoga zikiambatana na mahakama na polisi, hasa baada ya Mahakama Kuu ya Kenya kukataa mwezi Mei 2019 kuvifuta vifungu vinavyoyaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na Uganda kupitisha sheria yake kali mwaka 2023, kwa hiyo atadhani moja kwa moja kwamba serikali ndiyo iliyozifunga baa hizo. La hasha. Thailand iliacha kuyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai tangu 1956, na mamlaka yake ya utalii imefanya kampeni za wazi za kuwaalika wageni mashoga. Misako ya polisi ilikuwapo, na nitaigusia, lakini haikuziua baa. Maoni yangu ni kwamba maisha ya usiku ya mashoga wa Pattaya yalisimama juu ya pengo la fedha kati ya mzee wa Ulaya na kijana wa shamba, na pengo hilo lilipoanza kupungua kutoka pande zote mbili, biashara ikakosa msingi.

Pattaya ilikuwa kijiji cha wavuvi hadi askari wa Marekani waliokuwa Korat, mji wa bara, na baadaye katika kambi ya ndege za kivita ya U-Tapao iliyo jirani, walipoanza kuletwa kupumzika wakati wa vita vya Vietnam. Walipoondoka katikati ya miaka ya 1970, mji ulikuwa umeshajifunza kazi moja tu, ya kumuuzia mwanamume mgeni usiku wake. Maonyesho ya Tiffany's, ambayo nyota wake ni wanawake waliobadili jinsia, yalianza 1974, Alcazar ikafuata 1981, na hadi leo mabasi yanashusha hapo familia nzima, bibi na wajukuu. Baa za mashoga zilijibanza pembeni mwa soko hilo na kukua katika miaka ya 1980 na 1990, hasa baada ya baht, sarafu ya Thailand, kuanguka thamani Julai 1997, ambapo kila mwenye dola au pauni alijikuta tajiri bila kufanya lolote.

Anayetaka kuielewa biashara ile sharti aione baa yenyewe. Viti vya nje vimegeuziwa uchochoro, feni za ukutani zinapuliza, na mgeni akiagiza bia, risiti yake inakunjwa na kutiwa katika kikombe kidogo kilichowekwa mbele yake, kila kinywaji na risiti yake, mpaka atakapoomba kuhesabiwa. Ndani, jukwaani, vijana wamebandikwa namba. Mgeni aliyempenda mmoja alimnunulia kinywaji, ambacho bei yake ilizidi ya bia ya mgeni mwenyewe na sehemu yake ikaenda kwa kijana. Akitaka kuondoka naye, aliilipa baa ada ya kumpoteza mfanyakazi kwa usiku huo, na yaliyofuata yakawa makubaliano yao wawili. Mpango huo ulikuwa kinga ya mwenye baa. Sheria ya 1996 ya kuzuia na kukomesha ukahaba inampeleka gerezani mwenye danguro, basi baa ikajiandikisha kuwa mahali pa burudani, ikauza bia, na kile hasa kilichowaleta watu hakikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu. Mji mzima ulijua. Polisi nao walijua, na haikuwa siri kwamba kujua kwao kulikuwa na bei.

Sasa mtazame aliyekuwa akikijaza kikombe kile. Mara nyingi alikuwa Mwingereza, Mjerumani, Mholanzi, Mwaustralia au Mmarekani aliyevuka miaka hamsini, na wengi wao walikuwa wastaafu waliohamia kabisa. Mwaka 2007 pauni moja ilimpatia zaidi ya baht 60. Kufikia Agosti 2019 haikumpatia hata 40. Pensheni ya serikali ya Uingereza haiongezwi kwa mstaafu anayeishi Thailand: kiasi alichoanza nacho ndicho atakachokipokea hata akiishi huko miaka ishirini, huku bia na kodi ya nyumba zikipanda kila mwaka. Viza ya wastaafu inadai baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na balozi za Uingereza, Marekani na Australia zilipoacha kutoa barua za kuthibitisha kipato, kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019, waliokuwa wakiishi kwa kubana matumizi walibanwa wao. Wako waliorudi kwao, wako waliotafuta nchi jirani iliyo rahisi zaidi, na wengi, tuseme ukweli, walizeeka wakafa. Viti vyao havikupata warithi. Shoga wa miaka thelathini wa Berlin au Manchester hana sababu ya kukaa kwenye ndege kwa muda wa saa kumi na mbili ili akajisikie huru, kwa kuwa anaweza kuoa nyumbani kwao. Na akija Thailand anakwenda mtaa wa Silom, Bangkok, kucheza muziki na Wathai wa rika lake ambao wanajinunulia vinywaji wenyewe.

Upande wa jukwaani nako hesabu iligeuka, na hapa ndipo ninapoachana na wanaoililia Boyztown. Vijana wengi walitoka Isaan, mikoa ya kaskazini-mashariki yenye mpunga na ukame, ambako mwaka 2011 kima cha chini cha mshahara hakikufika baht 200 kwa siku. Tarehe 1 Januari 2013 kima cha baht 300 kilianza kutumika nchi nzima. Viwanda vya magari vya mikoa ya Chonburi na Rayong, pamoja na bandari ya Laem Chabang, viko karibu sana na Pattaya. Hakuna aliyetajirika kwa baht 300, lakini ilikuwa fedha ya uhakika, wala haikumdai mtu asimame na chupi hadi saa nane usiku akimngoja mgeni ambaye huenda asitokee. Nafasi zilizoachwa zikajazwa na vijana wa Kambodia, Laos na Myanmar, maskini zaidi na wengi wao hawana vibali vya kueleweka, na wageni wa siku nyingi wakaanza kulalamika kwamba mji umeharibika, vijana hawana tena tabasamu, bei zimepanda. Malalamiko hayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri, na kila mara najiuliza kama mlalamikaji ametambua kwamba anachokililia ni kijana wa Surin, huko huko Isaan, kupata kazi nyingine.

Simu inabebeshwa lawama kuliko inavyostahili. Grindr, programu ya simu inayowakutanisha mashoga, ilianza 2009, nyingine zikafuata, na ni kweli kwamba mgeni aliyelala hotelini akiwatafuta watu kwa kidole hana haja ya kulipa baa ada yoyote. Lakini simu iliikuta biashara iliyokwisha kulegea. Ilichofanya ni kumwondoa mtu wa kati, na mtu wa kati yule hakuwa mnyonyaji tu. Kila baa ilikuwa na msimamizi, mara nyingi mtu mzima aliyewahi kuifanya kazi hiyo, ambaye alimfahamu mteja mlevi, mteja asiyelipa na mteja wa kuogopwa, na aliyejua kijana ameondoka na nani na kuelekea hoteli gani. Kijana wa programu anapanda ngazi za hoteli peke yake, na akidhulumiwa hana wa kumwambia.

Mengine yalikuwa mapigo juu ya kidonda. Mapinduzi ya Mei 2014 yalileta amri ya kutotoka usiku na msimu wa kuusafisha mji. Kifo cha Mfalme Bhumibol Oktoba 2016 kikaleta mwaka wa maombolezo, ambao mwanzo wake ulipita bila muziki. Kisha Covid. Baa zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Julai, zikafungwa tena, na hazikuruhusiwa rasmi kufanya kazi kama baa hadi Juni 2022. Nchi iliyopokea karibu wageni milioni 40 mwaka 2019 haikufikisha nusu milioni mwaka 2021. Serikali iliwapa wafanyakazi wasio na ajira rasmi baht 5,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, lakini Wathai tu, hivyo kijana wa Kambodia hakupata kitu, na shirika la SWING, ambalo tangu 2004 linawahudumia wanaume na waliobadili jinsia wanaofanya kazi ya ngono Bangkok na Pattaya, likajikuta linagawa chakula. Mwenye baa aliyedaiwa kodi ya miaka miwili bila mauzo alirudisha funguo, na mwenye jengo akampangisha mwingine.

Je, tuomboleze? Kwa Sunee Plaza nasita. Katika misako iliyofanywa katika baa za mji huo kwa miaka mingi walipatikana wavulana walio chini ya miaka 18, na mgeni yeyote anayesema hakujua lolote alikuwa amechagua kutotazama. Soko lililowaficha watoto hao limepungua, na ni vema likapungua zaidi. Boyztown ninaiombea neno jingine. Usiku wa maonyesho pale, wacheza kabareti walipotoka na manyoya na vipaza sauti kwenye kichochoro kisichopitisha gari, mtu aliyeficha maisha yake kwa miaka arobaini kijijini Ulaya alikuwa akikaa hadharani, mlango wazi, pembeni ya kijana wa Buriram, Isaan, aliyekuwa akituma fedha kwa mama yake, na hakuna kati yao aliyeinamisha uso. Ulikuwa uhuru wa kununuliwa na wenye masharti mabaya. Hata hivyo ulikuwapo, na vyeti vya ofisi ya wilaya havichezwi wala haviketiwi.

Kilichobaki kimehamia Jomtien, kusini kidogo, katika mitaa ya Jomtien Complex iliyo karibu na ufuo wa Dongtan ambako mashoga wamekuwa wakikodi viti vya pwani kwa miaka mingi. Baa za huko ni ndogo, ziko wazi mbele, jukwaa si lazima, na unawaona wanaume wa Kithai wakija na wenzi wao kunywa na kuondoka nao walewale. Zinapata wateja. Anayetafuta mwelekeo wa Pattaya autazamie huko, asiutafute katika kufufua Soi 3.

Wakuu wa mji wamependa sana bendera za upinde wa mvua kila Juni, kwa kuwa bendera ni bei rahisi na wageni wanazipiga picha. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waliupitisha mswada wa ndoa Machi 2024 kwa kura 400 dhidi ya 10, lakini sheria ya 1996 wameiacha ilivyo. Kwa sheria ya ndoa kijana anayemngoja mteja Jomtien leo anaweza kuoana na mwanamume mwenzake, akamrithi na akaasili naye mtoto, ila akinyang'anywa malipo yake usiku, akaenda kituoni kushitaki, sharti kwanza ajikiri kosa lake mwenyewe, ambalo kwa sheria ile ya 1996 faini yake ni hadi baht 1,000. Hilo ndilo ningetaka wakuu hao walipeleke Bangkok kabla ya kuagiza bendera nyingine.