Daktari wa kwenye simu anahitaji nesi wa zahanati

Kipindi cha korona, huku Mtwara nilisikia watu wengi wakisema wanaogopa benchi la hospitali kuliko homa iliyowapeleka. Ukikaa pale foleni, jirani yako anakohoa, na nyumbani umeacha wazee. Kwa hiyo programu za kumwona daktari kwa simu zilikuja wakati wake. Hofu ilifungua mlango. Kinachoamua kama mgonjwa atarudi tena ni kingine kabisa.

Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis aliandika kwamba mtu huikubali teknolojia akiona ina manufaa kwake na haimsumbui kuitumia. Watengenezaji wengi wameshughulikia hilo la pili, wakaweka vitufe vikubwa na rangi za kuvutia. Kwenye manufaa ndipo wanapokwama. Mkoa wetu una malaria nyingi, na mtoto akichemka usiku, homa yake na maumivu ya kichwa vinafanana na korona. Daktari aliyeko Dar es Salaam hawezi kuvitenganisha kwa maswali; linatakiwa tone la damu kidoleni na kipimo cha haraka. Atasema tu, "Nenda kapime." Mama ameshanunua bando, ameshalipia ushauri, na safari ya zahanati iko palepale.

Kwa magonjwa ya muda mrefu hali ni tofauti. Shangazi yangu wa Tandahimba ana presha, na mwanawe alimuunganisha na daktari kwa video. Akaulizwa presha yake leo inasomaje, mashine hana. Akaulizwa dawa. Akaleta mfuko wa nailoni, akawa anaonyesha pakiti mbele ya kamera, moja baada ya nyingine, mpaka daktari akagundua kwamba pakiti mbili zenye majina tofauti ni dawa ileile. Akamwambia aache moja.

Shangazi hakuacha. Asubuhi alikwenda kwa nesi wa zahanati yao: "Eti mwanangu, huyu wa kwenye simu anasema kweli?" Nesi akazisoma pakiti, akasema, "Kweli, bibi." Tangu hapo shangazi anamtaja yule daktari kama mtu wake.

Naamini kukubalika kote kumo humo. Wazee wetu hawakatai teknolojia, wanataka mdhamini wanayemjua, anayeweza kuwaeleza hata kwa Kimakonde.

Na siri je? Nyumba nyingi zina simu janja moja, tena iko mikononi mwa kijana wa kiume. Binti atamwelezaje daktari mambo ya uzazi kwenye simu ya kaka yake? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana kampuni inayotunza taarifa zake, haizuii macho ya watu sebuleni. Chumba kidogo cha zahanati chenye mlango unaofungika, na simu ya kituo, vingemsaidia zaidi.

Ningeomba tuanzie hapo, pamoja na namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo ni bure na inapigika hata kwa kitochi. Mgonjwa akimaliza kuongea na daktari, maelekezo yafike zahanati ya kijijini kwake kabla yeye hajafika, akute kipimo na dawa. Na nesi alipwe kwa kazi hiyo. Yule wa shangazi aliifanya bure, huku foleni yake mwenyewe ikimsubiri nje.