Ghala la Price Club: mwenye duka alipoteza au alipata?

Sol Price na mwanawe Robert walipofungua Price Club, ghala la jumla la wanachama, mjini San Diego, Marekani, mwaka 1976, ndani ya banda la zamani la ndege, walimlenga mwenye biashara ndogo. Alilipa ada ya dola 25 kwa mwaka, akajichagulia katoni na kujibebea. Hesabu ikagoma. Wenye maduka hawakutosha, na mwaka wa kwanza hasara ilifika kama dola 750,000. Ndipo wakaingizwa watumishi wa serikali na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo; hawa hawakulipa ada, ila waliongezewa asilimia 5 juu ya bei.

Wapo wanaosema hapo mwenye duka alitoswa. Hawajakosea: jirani aliyekuwa akinunua sabuni kwake sasa anaifuata ghalani, kwa bei inayokaribia ile anayonunulia yeye. Metro, ghala la jumla la Ujerumani lililoanza mwaka 1964, iling'ang'ania kadi ya wafanyabiashara pekee.

Lakini tazama bei yenyewe inatoka wapi. Costco, ghala la aina hiyohiyo lililoanza Seattle mwaka 1983 na kuungana na Price Club miaka kumi baadaye, huweka bidhaa aina 4,000 hivi. Supamaketi kubwa ya Marekani huwa na 30,000 au zaidi. Paleti, yaani jukwaa la mbao lenye mzigo, hushushwa na kuuzwa ilivyo, bila mtu kupanga kopo mojamoja. Bidhaa ya chapa iliyonunuliwa kwa dola 10 haiuzwi zaidi ya 11.40 hivi. Pengo hilo hufidiwa na ada, takriban dola bilioni 4.8 mwaka wa fedha 2024, na walipaji wengi ni watu wa nyumbani. Kwa maoni yangu, bila hao bei ya mwenye duka isingedumu.

Mnunuzi wa nyumbani naye apige hesabu. Punguzo la asilimia 20 huyeyuka lote ukitupa sehemu moja kati ya tano ya ulichonunua, na mboga huwahi kufika huko. Kadi ya Costco ya dola 130 kwa mwaka, badala ya ile ya 65, hurudisha asilimia 2 ya ununuzi. Ununuzi usipozidi dola 3,250 kwa mwaka, nyongeza hiyo hairudi.

Mwenye mgahawa hana haja ya kugombea foleni ya Jumamosi. Costco ina vituo vya biashara vinavyofunguliwa mapema asubuhi, visivyouza nguo, vyenye vifungashio vya jikoni kubwa na huduma ya kupelekewa mzigo.