Kusubiri Sehemu Ijayo Si Hasara

Wapo wanaoamini kwamba hadithi ya upelelezi inayotolewa kwa sehemu ni hila ya kibiashara tu: msomaji anakatishwa pale hasa anapotaka kumjua muuaji, kisha analipishwa tena ili aendelee. Lawama hiyo haikosi msingi, kwa kuwa mwandishi anayelipwa kwa sehemu hushawishika kuirefusha hadithi hadi dalili alizozitawanya mwanzoni zisioane tena na jibu.

Hata hivyo, wanaolaumu huchukulia kwamba utamu wote umo katika jibu. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipofariki Juni 1870, alikuwa amekamilisha sehemu 6 tu kati ya 12 za riwaya yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood. Ndani yake kijana Edwin Drood ametoweka, mjomba wake anashukiwa, na hatuambiwi hata kama kijana ameuawa au yu hai. Kama jibu ndilo kila kitu, riwaya hiyo ingesahauliwa mapema. Badala yake, mwaka 1914 waandishi walikutana London wakamfungulia mjomba huyo kesi ya maigizo, G. K. Chesterton akiwa jaji na Bernard Shaw akiliongoza baraza la kuamua. Baraza lilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, naye Chesterton akawatoza wote faini kwa kuidharau mahakama, isipokuwa yeye mwenyewe. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wa watu waliolibeba fumbo kwa zaidi ya miaka 40 bila kulichoka. Ni kweli kwamba jina la Dickens lilichangia. Sidhani kama lingetosha peke yake.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wa mwaka 2011 uligundua kwamba wasomaji waliodokezewa mwisho walizifurahia hadithi zaidi kidogo kuliko wasioujua. Wengine huutumia kudai kwamba taharuki haina thamani. Lakini hadithi zile zilikuwa fupi, za kusomwa kwa kikao kimoja, na msomaji hakupata muda wa kujenga dhana yake, sembuse kuitetea mbele ya mwenzake.

Muda huo ndio unaopatikana kati ya sehemu na sehemu: msomaji hurudi kwenye saa iliyosimama au barua iliyochanwa, akajiuliza kwa nini ilitajwa. Tena utoaji wa sehemu kwa sehemu humbana mwandishi kuliko tunavyodhani, maana dalili iliyokwisha kuchapwa katika sehemu ya pili haiwezi kufutwa kimyakimya anapofika ya tisa na kukuta haimfai.