Ukishakuwa Namba Mbili, Utakufa Namba Mbili?

Rafiki yangu mmoja alijaza dodoso la eniagramu akiwa na miaka 26, likamtoa Namba Mbili, yaani msaidizi. Akalijaza tena akiwa na miaka 41, safari hii likamtoa Namba Tisa, mpenda amani. Alipompelekea majibu hayo mwalimu aliyekuwa akimfundisha mambo haya, mwalimu hata hakushtuka. Alimwambia lazima moja limekosea: ama lile la ujanani, ama hili la sasa. Kwamba huenda yote mawili yamepatia na aliyebadilika ni yeye mwenyewe, hilo halikutajwa kabisa.

Kwa asiyeifahamu, eniagramu ni duara lenye nukta tisa, na kila nukta ni aina ya mtu. Mchoro wenyewe ulifundishwa na George Gurdjieff mwanzoni mwa karne ya 20, ila yeye hakuutumia kuwagawa watu kwa hulka zao. Kazi hiyo ilifanywa baadaye na Oscar Ichazo, mzaliwa wa Bolivia, na Claudio Naranjo, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Chile, ambaye mwaka 1970 alikwenda kujifunza kwa Ichazo huko Arica, mji wa kaskazini mwa Chile, kisha akayapeleka mafundisho hayo Marekani. Don Riso na Russ Hudson, waliochangia sana kuyaeneza, hawakuficha msimamo wao: mtu hahami kutoka aina yake ya msingi kwenda nyingine.

Ukisikia hivyo mara ya kwanza, unaweza kuguna. Nani asiyemjua mtu aliyekuwa moto wa kuotea mbali ujanani na leo ni mpole kupindukia? Lakini watetezi wana jibu, na si jibu la kubeza. Wanasema aina haiko kwenye matendo. Iko chini yake, kwenye hofu na shauku inayoyasukuma. Wageni wakishaondoka, watu watatu wanaweza kukutwa wakiosha vyombo. Mmoja ni Namba Moja, anakerwa na sahani chafu kana kwamba ni dhambi. Wa pili ni Namba Mbili, anataka mwenye nyumba aone kwamba bila yeye mambo yasingekwenda. Wa tatu ni Namba Tisa, kule sebuleni ndugu wawili wameanza kubishana na jikoni ndiko kwenye usalama. Tendo ni moja, visukumo ni vitatu. Kwa hiyo ukimwona mtu ameacha kuosha vyombo, bado hujajua lolote kuhusu aina yake.

Rafiki yangu nimemshuhudia kwa macho yangu katika hili. Miaka michache iliyopita aliombwa asimamie shughuli fulani ya ukoo, kama alivyoombwa kila mwaka, na safari hiyo akaamua kukataa. Tulikuwa tumekaa meza moja. Aliandika, "Mwaka huu sitaweza." Akaongeza "samahani sana." Akaifuta. Akaongeza sababu, ndefu, kisha akaifuta nayo. Hatimaye akatuma lile neno la kwanza, akaigeuza simu kifudifudi, na kwa robo saa nzima hakusikia hata moja kati ya niliyokuwa nikimweleza. Tumbo, aliniambia baadaye, lilikuwa limemkaza. Mwalimu wake angekuwepo angesema: hayo ndiyo nisemayo, kukataa amejifunza, lakini hofu ya kutopendwa iko palepale. Na mimi siku ile nisingekuwa na la kumjibu.

Shida yangu na hoja hii inaanza pale inapojilinda kupita kiasi. Mfumo wenyewe unampa kila mtu milango ya kutokea. Kuna mbawa, yaani zile aina mbili za jirani zako kwenye duara. Kuna mishale, yaani mistari inayoiunganisha aina yako na nyingine mbili ng'ambo ya duara: Mbili akielemewa huchukua sura ya Nane, mbabe, akistawi huchukua uzuri wa Nne, mwenye hisia za kina. Piga hesabu. Mbili anaweza kuonekana kama Moja au Tatu kwa mbawa, na kama Nane au Nne kwa mishale. Ukijumlisha na yeye mwenyewe ni sura tano kati ya tisa. Hesabu hiyo ni ileile kwa aina zote. Juu yake Riso aliweka ngazi tisa za afya, toka aliyekomaa hadi aliyevurugika, na zote zinahesabiwa ndani ya aina moja. Ukitokeza kwenye mojawapo ya zile nne zilizobaki, kama rafiki yangu na Tisa yake, unaambiwa ulijitambua vibaya tangu mwanzo. Sasa niambie, mtu abadilike vipi ndipo wakubali kwamba amebadilika?

Wanasaikolojia wanaopima hulka kwa vipimo vingine wamelihangaikia swali hili muda mrefu. William James aliandika mwaka 1890 kwamba kwa wengi wetu, tukifika miaka 30, tabia imeshakauka kama plasta. Wahenga wetu walilisema kwa samaki: mkunje angali mbichi. Tafiti za baadaye zinaonyesha ukaukaji huo unachelewa zaidi, na haukamiliki. Brent Roberts na Wendy DelVecchio walikusanya tafiti 152 zilizofuatilia watu kwa miaka, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Walichotazama ni kama mtu anabaki kwenye nafasi ileile akilinganishwa na wenzake, kwa kipimo ambacho 1 maana yake hakuna aliyesogea. Utotoni walipata 0.31, kwenye miaka 30 hivi ikafika 0.64, na kati ya miaka 50 na 70 ikatulia karibu na 0.74. Yaani tunazidi kuwa wagumu kadiri tunavyozeeka, lakini hata mzee hajawa jiwe. Isitoshe, kundi zima linasogea: watu wazima wengi, kadiri umri unavyokwenda, huzidi kuwa makini na kutulia moyo.

Mtetezi wa eniagramu atasikiliza takwimu hizi kwa utulivu, kisha atasema zinapima tabia inayoonekana na yale mtu anayoyasema kuhusu nafsi yake, si kisukumo cha ndani. Kweli. Lakini basi na yeye atuonyeshe anakipima vipi hicho kisukumo, maana dodoso lake nalo linamuuliza mtu kuhusu nafsi yake. Mapitio ya tafiti za eniagramu yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliyokusanya sampuli 104, yalikuta ushahidi mchanganyiko: mengine yanashika, mengine hayashiki, na juu ya mbawa na mishale utafiti ulikuwa kiduchu. Dai la "maisha yote" linahitaji mtu afuatiliwe kwa miongo. Anayelitoa kwa kujiamini analitoa kwa imani, na imani si kosa, mradi aiite hivyo.

Hata hivyo sitaki kuwapa ushindi wa bure wale wa upande wa pili wanaosema, "Mimi nilikuwa Tano, sasa ni Saba." Nilimwomba rafiki yangu anionyeshe karatasi zake. Dodoso lile halitoi namba moja tu, linatoa alama kwa aina zote tisa, na namba yako ni ile iliyoongoza. Mara ya kwanza Mbili ilipata 23 na Tisa 22. Mara ya pili Tisa ilipata 23 na Mbili 21. Miaka kumi na mitano, na kilichosogea ni alama moja mbili! Angelala vibaya usiku mmoja angezipata au kuzikosa. Yeye alijiona amegeuka mtu mwingine, mwalimu akaona kosa la kujaza, kumbe siku zote alikuwa amesimama mpakani na fito ikadondokea upande huu badala ya ule.

Kwa hiyo mimi naegemea hapa: kushikilia kwamba aina ni ya kudumu kunafaa kama breki, hasa kwa mtu anayebadili namba kila anapopata mwezi mgumu. Breki hiyohiyo inageuka pingu kwa anayefoka kazini kisha akasema, "Mimi ni Nane, ndivyo nilivyo." Kama hofu ya msingi inaweza kulegea hadi isiongoze tena maisha ya mtu, basi kubaki kumwita Mbili ni suala la jina tu.

Na inalegea. Mwezi uliopita rafiki yangu aliombwa shughuli ileile tena. Alisoma ujumbe, akaandika "sitaweza," akatuma, akaendelea na kisa alichokuwa akinisimulia pale alipokiachia. Simu ilibaki uso juu. Alipomaliza nikamuuliza kama tumbo lilimkaza.

"Kwa lipi?" akaniuliza.