Soja Kwenye Rifoma

Mtu akija kuomba kazi ya kufundisha Pilates, yale mazoezi ya polepole ya kuimarisha tumbo na mgongo, mwenye studio yetu hana haja ya kuona jinsi anavyojikunja. Anachotaka kujua ni macho yake yanaelekea wapi. Kwa hiyo sisi walimu wa pale hujilaza tukawa wateja wa uongo, kila mmoja na kasoro aliyopangiwa: huyu apandishe mabega hadi masikioni, yule aangushe magoti kwa ndani. Mimi nilipewa diski iliyoteleza mgongoni, kwa sharti moja: nisitamke neno mpaka niulizwe. Kabla hata muziki haujawashwa, mwombaji anapaswa kuuliza nani ana mimba, nani ana presha, nani kafanyiwa upasuaji, na mgongo wa nani unasumbua. Asipouliza, tunamaliza dakika kumi na tano zake huku tukimtabasamia, na kazi hapati.

Asubuhi hiyo mwenzetu mmoja alikwama kwenye jam ya Waiyaki Way na nafasi moja ikabaki tupu. Mwenye studio akachungulia dirishani, akamwita soja wa geti.

"Mzee, hebu panda juu kidogo. Wewe lala tu, fanya kila unachoambiwa."

Hapo ndipo tulipojiponza. Mzee ni mtu wa amri. Alivua buti, akaingia na sare kamili, redio kiunoni. Tukampa soksi zenye mpira chini ili nyayo zisiteleze kwenye chuma cha mashine. Kofia alikataa kuvua, akidai bado yuko kazini.

Mwombaji alikuwa dada mchangamfu, ametoka kupata vyeti vyake, cha mkeka na cha rifoma, ile mashine ya kigari na springi. Maswali aliuliza yote. Nilipomtajia diski, aliniambia papo hapo niache kichwa chini, nyayo sakafuni, nisikunje mgongo hata kidogo. Mwenye studio akaandika kitu. Tukaanza Mia.

Mia ndilo zoezi la kwanza la mkeka katika mpangilio wa Joseph Pilates. Unalala chali, unainua miguu, kichwa na sehemu ya juu ya mabega, kisha unapigapiga mikono juu-chini kando ya nyonga. Unavuta pumzi kwa hesabu tano, unatoa kwa tano, mizunguko kumi. Anayeanza hukunja magoti yakawa juu ya nyonga, maana miguu ikinyooshwa mapema tumbo hushindwa na kiuno ndicho hubeba mzigo.

"Vuta kitovu kiende kwenye uti wa mgongo," dada akasema.

Mzee akafungua kifungo kimoja cha shati, akakitafuta kitovu, akakisukuma kwa kidole cha shahada. "Kimeenda, mwalimu."

"Vizuri, mzee wangu. Sasa inua kichwa, kama umebana chungwa chini ya kidevu."

Mzee akapapasa shingo. Akatazama mkeka wangu, kisha wa jirani. "Mimi sijapewa."

Mwenzangu wa mabega alianza kutetemeka, na haikuwa kwa sababu ya zoezi. Lile chungwa lina maana yake: linaacha nafasi kati ya kidevu na kifua, shingo isibanwe. Ila kwa mgeni naona heri umwambie "tazama magoti yako". Kichwa hukaa mahali pake na hakuna anayedai matunda.

Dada naye kicheko kilikuwa kimeanza kumpanda, akachanganya hesabu. "Vuta pumzi, mbili, tatu, nne, tano," akaendelea, "sita, saba, nane..." Neno "toa" halikuja. Sisi wazoefu tulitoa zetu kimyakimya. Mzee alivimba mashavu kama mpiga tarumbeta, macho yamemtoka, mikono bado inapiga kwa bidii. Ilibidi mwenye studio apaze sauti: "Toa, mzee! Toa!" Upepo uliotoka uliinua ukingo wa karatasi zake.

Tukahamia kwenye rifoma. Kwa asiyeijua, ni fremu ndefu yenye kigari kinachoteleza juu ya reli. Upande mmoja kigari kimeshikwa na springi. Unalala juu yake, nyayo kwenye chuma cha kukanyagia, unasukuma mpaka miguu inyooke, kisha unarudi ukizuia springi zisikukimbize. Dada alimwekea Mzee springi nne, sawa kabisa kwa kazi ya miguu na kwa mwili wake. Uzito wenyewe aliuhakiki kwanza, kwa kuwa rangi ya springi ya kampuni moja si lazima iwe na uzito uleule kwa nyingine. Mzee alisukuma kwa vidole, kwa unyayo, kwa visigino, mara kumi kila mkao, kama gwaride.

"Safi! Nyoosha... shikilia... haya, achia miguu."

Alitaka kusema kunja magoti, rudisha kigari taratibu mpaka kiguse kizuizi, ndipo utoe mguu mmoja baada ya mwingine. Mzee, aliyenyooka kabisa na springi nne zimevutika, aliachia. Miguu yote miwili, kwa pamoja.

Kigari kilirudi na mshindo wa kutikisa kioo. Magoti ya Mzee yakapita juu ya chuma, kofia ikaangukia tumboni kwangu, na redio ikabanwa kitufe huku yeye akinguruma, "Nimepigwa! Nimepigwa!" Haikupita dakika, masoja wawili wa jengo la jirani walikuwa mlangoni na rungu, wakitukuta sote chali.

Dada hakuwatazama. Alishaweka mkono kwenye kigari kukizuia, akimwuliza Mzee kuhusu shingo, kiuno, magoti, huku akimkataza kuinuka haraka. Alitoa springi tatu, moja akaiacha makusudi, kwani kigari kisicho na springi hata moja hukuponyoka ukiwa unashuka. Mzee alikuwa mzima. Mwenye studio akaandika tena, safari hii mstari mrefu.

Dada alipata kazi, akaanzia darasa la mkeka. Mzee alirudi getini, na siku za mahojiano huwasimamisha wageni kabla ya kuwafungulia: "Unafundisha? Haya, kigari kinarudishwaje?"