Kupimwa ADHD kwa Simu: Mzazi wa Mbeya Analipia Nini?

Mama mmoja wa Uyole, muuza maparachichi, aliniomba nikae karibu naye siku mwanawe wa darasa la tatu alipofanyiwa tathmini ya ADHD kwa simu ya video na mtaalamu aliyeko Dar es Salaam. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia, kuzuia papara au kushikilia jambo moja hadi likaisha. Ada ilikuwa imeshatumwa, bando likakatika katikati ya mazungumzo, likanunuliwa jingine, na mtoto ambaye shuleni huchapwa karibu kila siku kwa kuinuka dawatini alitulia kama maji ya mtungini, macho yameganda kwenye kioo cha simu.

Utulivu ule haukuwa ushahidi wa lolote. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo la 5 la mwaka 2013, unaeleza kwamba dalili zinaweza kufifia mtoto anapokuwa na mtu mmoja tu, mahali pageni au mbele ya skrini. Tena unataka dalili ziwe zimejitokeza kabla ya umri wa miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni. Mwalimu wa darasa, anayemwona mtoto huyu siku tano kwa wiki, hakuulizwa neno.

Hata hivyo, wanaotetea njia hii wana hoja nzito. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi na siku za soko zinazopotea hufanya ada ya simu ionekane ndogo. Madaktari bingwa wa akili za watoto nchini ni wachache mno. Wapo pia wazazi ambao hawatakanyaga kitengo cha afya ya akili kwa kuogopa macho ya majirani, lakini wakiwa sebuleni kwao watasema yote. Na kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu la ADHD, historia ya mtoto ndiyo kiini cha tathmini, nayo inaweza kuchukuliwa vizuri kwa simu, mradi mtaalamu atoe muda.

Muda huo ndio unaopaswa kulipiwa. Mwaka 2023, mwandishi wa BBC nchini Uingereza alikaguliwa na daktari bingwa wa huduma ya umma kwa zaidi ya saa 3, akaambiwa hana ADHD. Kliniki 3 za binafsi, kwa mazungumzo mafupi zaidi ya video, zikasema anayo. Bei kubwa haikununua uhakika.

Kuna pia kazi ambayo simu haiwezi kuifanya. Mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubaoni, asiyepata usingizi au mwenye kifafa cha kuzubaa anaweza kudhaniwa ana ADHD, na dawa zinazotumika kutibu hali hii huhitaji uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kupimwa kabla na baada ya kuanza. Mzazi aliyelipa ada ya mtandaoni bado atafika hospitalini, na si haki aambiwe hivyo baada ya pesa kutoka.

Mimi naegemea upande wa simu, lakini kwa sharti: mtoto apimwe mwili hapahapa Mbeya, ambako Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina huduma za afya ya akili, na kabla ya kulipa mzazi aelezwe mazungumzo yatachukua muda gani, nani atayafanya, kama amesajiliwa, na kama ada inajumuisha ripoti na maelezo ya mwalimu. Mama yule alipata ripoti ya ukurasa mmoja isiyotaja shule popote. Wiki iliyofuata alimpelekea mwalimu daftari jipya, akamwomba aandike kila siku mtoto ameinuka mara ngapi na wakati wa somo gani, na daftari hilo ndilo analokusudia kwenda nalo hospitalini.