Aliyeanguka Apewe Chakula Kwanza

Nabii Eliya hakuzini, hakuiba sadaka wala hakwenda kwa mganga, na bado alianguka. Nalisema hili mapema kwa sababu makanisani kwetu mtu akipoa kidogo tu, akikosa ibada Jumapili mbili tatu, watu huulizana: amefanya nini? Tunamtafutia dhambi, na ikikosekana tunamtafutia pepo.

Someni 1 Wafalme 19 taratibu. Sura moja nyuma mtu huyu alikuwa juu ya Karmeli, amewashinda manabii 450 wa Baali, moto umeshuka, mvua imerudi baada ya ukame mrefu, naye amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe mmoja wa kumtishia kifo kutoka kwa Yezebeli, mke wa Ahabu, naye akatoka mbio kuokoa roho yake. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake pale, akaenda jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, akaomba afe.

Huyo mtumishi sijawahi kumsikia akihubiriwa, nami naona ndiye wa kuangaliwa sana. Anayeanguka huanza kwa kumwacha mwenzake njiani. Siku hizi hujitoa kwenye grupu la WhatsApp la kwaya usiku wa manane, asubuhi watu wanaona tu kwamba fulani ameondoka, wawili wanaweka alama ya mikono ya maombi, na mazungumzo yanarudi kwenye michango ya sare.

Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile, akamwambia ale kwa maana safari ni kubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilingoja hadi Horebu, mlima wa Mungu, siku arobaini baadaye. Eliya akalalamika, akaulizwa tena, akalalamika kwa maneno yaleyale. Mungu hakubishana naye. Alimpa kazi: nenda ukamtie mafuta Hazaeli, umtie mafuta Yehu, umtie mafuta Elisha. Kuhusu wale 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti, aliambiwa mwishoni, baada ya kukabidhiwa kazi.

Sasa tujiangalie sisi. Mtu ambaye hajalala wiki nzima anaambiwa aje mkesha. Ambaye nyumbani kwake hakujapikwa anaandikiwa mfungo wa siku tatu. Siudharau mkesha wala mfungo, nimebarikiwa katika vyote viwili, lakini hatukuvipewa viwe dawa ya kila ugonjwa.

Nina rafiki aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Alipoachishwa kazi alianza kuchelewa mazoezi, mwisho akaacha kuja kabisa. Wazee wa kanisa walimtembelea, wakaomba kwa sauti kubwa, wakakemea roho ya kukataliwa, wakaaga. Aliniambia walipoondoka alijisikia mchafu kuliko walipokuja. Baadaye akaja mama mmoja wa jumuiya yake na hotipoti ya ndizi na utumbo. Akakaa, akasubiri ale, akamsimulia bei ya mkaa, akaondoka na hotipoti yake bila kulitaja kanisa. Akarudi tena hivyohivyo. Safari nyingine akamwambia, "Mwanangu, yule mjukuu wangu sauti anayo ila hajui noti, hebu nimlete umsaidie." Hiyo ndiyo njia aliyorudia. Ukimuuliza ni nani alimwinua atakujibu ni Yesu, na mimi namwamini. Yesu alimjia kwa hotipoti.

Mtu ataniambia kuchoka ni kitu kimoja na dhambi ni kingine. Ni kweli, ndiyo maana tunaye Petro. Huyu alimkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu, mkosaji asiye na pa kujificha. Katika Yohana 21, wavuvi wanaposhuka pwani wanakuta tena moto wa makaa, juu yake samaki na mkate. Bwana anawaita wafungue kinywa. Ni walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro kama anampenda, mara tatu, na kila jibu likafuatwa na agizo la kuchunga kondoo. Kosa halikufichwa, Petro alihuzunika, lakini aliulizwa akiwa ameshiba, na aliyemuuliza ndiye aliyempikia.

Kinachonitia nguvu zaidi kiko katika Luka 22:32. Kabla Petro hajaanguka, Yesu anamwambia: "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Maombi yalitangulia kosa. Mkristo anayeinuka hainuki kwa sababu alijikaza sana. Anainuka kwa sababu alishaombewa na Mwenyewe hata kabla hajateleza. Ningekuwa naamini nguvu zangu za kiroho zinanitegemea mimi, ningeshaacha zamani.

Ndiyo maana utaratibu wetu wa kurudi kundini unaniudhi namna tunavyoufanya. Toba naitaka. Lakini nimeona binti amesimamishwa mbele ya usharika, mtoto mgongoni, kichwa chini, na kijana anayesemwa ndiye baba amekaa na wenzake wa kwaya akifungua kitabu cha nyimbo. Galatia 6:1 inataka aliyeghafilika arejezwe kwa roho ya upole, na anayemrejeza ajiangalie nafsi yake. Siku ile sikuona mtu akijiangalia.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walijua jambo hili. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala kutoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoka na amevunjika moyo. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake, wakakaa na Biblia wakasoma na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya hadi Buhaya huku Tanganyika. Katika vikao vyao mtu aliungama mbele ya ndugu, wakamwimbia Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda, wakamkumbatia. Najua walikuwa na ukali wao, wengine walihukumu hata mtindo wa nywele. Ila aliyeungama leo alijua kesho ni zamu ya jirani yake, na hiyo ndiyo inayokosekana pale binti anaposimama peke yake.

Wala aliyeinuliwa hageuki malaika. Petro huyuhuyu, baada ya Pentekoste, baada ya kuingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa (asiye Myahudi), alifika Antiokia akala pamoja na watu wa Mataifa, na walipokuja Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaogopa akajitenga. Paulo akamkemea mbele ya wote. Woga ni uleule wa uani kwa Kuhani Mkuu. Lakini hatusomi popote kwamba alinyang'anywa kondoo.